Vidani Vilivyokataa Gundi

Kidani cha tatu kilidondoka darasani. Aliyekivaa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, jirani wa ukuta mmoja na Fundi Meno, na jiwe lilimtoka kifuani akiwa ameinama kumfunga mtoto kamba za viatu. Likabingirika chini ya madawati. Watoto arobaini wakalifuata kwa magoti, somo la hesabu likaishia hapo, na jioni yake mwalimu akalirudisha limeviringishwa kwenye karatasi, pamoja na mkufu ambao kishikio chake kilikuwa kinaning'inia kitupu.

"Si kwamba nalalamika, Fundi," alisema, na mtu akianza hivyo ujue lalamiko liko njiani. "Lakini lingemezwa na mtoto, ningemwambia nini mama yake?"

Fundi Meno alipokea kile kifurushi, akaomba radhi, akamsindikiza hadi mlangoni, akafunga, kisha akaupiga ukuta kofi. Jiwe la kwanza lilidumbukia kwenye sufuria ya mchuzi ya binti yake. La pili lilizama chooni posta, likiwa shingoni mwa karani ambaye tangu siku hiyo humsalimia kwa mbali. Sasa hili.

"Miaka thelathini na miwili," alimwambia mumewe, aliyekuwa amekaa mezani akipanga kokoto zake kwa rangi. "Miaka thelathini na miwili nimeshikiza meno ya bandia. Watu wametafuna mifupa kwayo, wamecheka, wamepigana. Halikurudi hata moja. Leo jiwe linaloning'inia tu, lisilotafuna chochote, ndilo linishinde?"

"Labda ni joto," alisema mumewe bila kuinua kichwa.

"Joto!"

"Au unyevu."

Jina la Fundi Meno alilipata kwenye karakana ya hospitali, chumba chembamba chenye vumbi la plasta, ambako alitengeneza meno ya watu ambao wengi wao hakuwahi kuwaona sura. Alijua taya tu. Alistaafu akiwa na miaka sitini na moja, akidhani atapumzika, kumbe alikuwa ametoka kwenye vumbi la plasta na kuingia kwenye vumbi la mawe.

Mumewe, Mzee Kokoto, alikuwa dereva wa lile gari zito la kushindilia barabara, na kwenye kila barabara aliyoshindilia aliokota jiwe. Alipostaafu, miaka mitatu kabla ya mkewe, aling'oa mota ya mashine mbovu ya kufulia, akaifunga kwenye pipa dogo la mpira, akatia ndani mawe, maji na unga wa kusagia, akawasha. Mashine hiyo haikuzimwa tena. Ngurungundu, ngurungundu, mchana kutwa, nyuma ya dirisha la jikoni. Majirani waliuliza kama wamenunua jenereta. Mawe yalijaa kwenye beseni, kwenye bakuli za chai, kwenye viatu vya mvua. Siku Fundi Meno alipopata jiwe ndani ya mto wa kulalia, alimwambia mumewe wazi: ama yatoke mawe, ama atoke yeye.

Binti yao ndiye aliyeleta suluhu, au tuseme ndiye aliyeleta balaa. Alimwonyesha mama yake vishikio. Kishikio ni kitu kidogo tu: kijibati bapa kama ukucha wa kidole cha mwisho, na juu yake pete ya kupitishia mkufu. Hutoboi jiwe. Unakwaruza mgongo wake kwa msasa, unaupangusa kwa spiriti, unachanganya gundi ya mirija miwili sawa kwa sawa, unatia tone, unabandika, unaacha siku nzima bila kugusa. Kwa mtu aliyezoea kupanga meno kumi na manne kwenye taya isiyo sawa, hiyo ilikuwa kazi ya kuchezea. Mawe yalikuwa yaking'aa vizuri, kila aliyeyaona alitaka moja, na Fundi Meno akaanza kuyatoa nyumbani kwake moja moja kwa heshima. Ndipo yakaanza kudondoka.

Asubuhi iliyofuata ziara ya mwalimu alikwenda kwa muuza gundi akiwa amevaa viatu vyake vya kazini. Muuza gundi alikuwa baba mzima mwenye miwani, na duka lake lilikuwa na wateja wanne waliokuwa wakisubiri misumari.

"Hii unaiita gundi?" alisema, akiitupa mirija miwili juu ya kaunta.

"Mama, gundi hiyo watu wanabandikia bampa za malori."

"Basi kavae lori shingoni uone kama litakaa! Unauza uji, unautia kwenye mirija, unauita gundi!"

Wateja wakacheka. Muuza gundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akampa mirija mingine, ya bei ya juu zaidi. Hiyo nayo haikusaidia. Kidani cha nne kilidumu siku sita.

Ikawa Fundi Meno anaamka asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, anachukua sindano na uzi, anasimama dirishani, anatunga. Alifanya hivyo kila siku, na hakumwambia mtu kwa nini. Mwaka wake wa mwisho karakanani, msimamizi mpya alimwondoa kwenye kupanga meno akampa kazi ya kukoroga plasta. "Upumzike kidogo, mama," alimwambia kwa sauti tamu. Hakusema mikono yako inatetemeka. Hakuhitaji kusema. Tangu hapo Fundi Meno alikuwa akijichunga mikono kama mtu anavyomchunga mgeni asiyemwamini, na sasa kila jiwe lililoanguka lilikuwa kama linamwambia: msimamizi alikuwa na haki.

Uzi ulikuwa ukipenya. Mara ya kwanza, mara nyingine ya pili. Lakini mawe hayakujali uzi.

Katika hali hiyo ndipo akaja wifi yake, dada yake Mzee Kokoto, muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke anayeingia nyumba ya mtu huku akiendelea na mazungumzo aliyoyaanza barabarani.

"Wifi, nimekwisha waahidi," alisema kabla hajakaa. "Metroni wetu anastaafu. Jumamosi tunamuaga. Vidani ishirini na kimoja, kimoja chake na ishirini vya sisi wauguzi, tuvae wote siku hiyo."

"Huwezi kuwaahidi. Vinadondoka."

"Vitadondokaje na wewe ni Fundi Meno?"

"Nimekwambia vinadondoka!"

"Basi safari hii visidondoke," wifi alisema, akajimiminia chai. "Usiniaibishe, wifi yangu. Wodi nzima imeshaambiwa."

Kulikuwa na siku sita. Fundi Meno alitaka kukataa, neno likamfika kwenye ncha ya ulimi, lakini akaona kukataa ni kukiri. Akapiga moyo konde.

Jumanne alifunika meza kwa kitambaa cheupe, akafunga kilemba ili unywele usianguke, akapanga mawe ishirini na moja kwenye trei kama meno. Alikwaruza kila mgongo hadi ukapoteza ulaini. Vijibati navyo alivikwaruza. Alipangusa vyote kwa spiriti, mara mbili. Kisha, kama kawaida yake, akaenda kunywa chai taratibu kabla ya kuchanganya gundi, maana gundi ikishachanganywa hukupa dakika tano tu, na hakutaka kukimbizana nayo na roho juu. Aliporudi, mawe yalikuwa pale pale, yaking'aa kwa taa. Akachanganya. Akabandika. Mkono haukutetemeka, au kama ulitetemeka hakuuona. Siku nzima hakuna aliyeruhusiwa kufungua dirisha la chumba kile.

Jumatano jioni alivitundika vyote kwenye kamba ya kuanikia nguo, ndani, na kila kimoja akakifungia kufuli dogo chini kwa uzi, kipate mzigo. "Kama ni kuanguka," aliviambia, "angukeni hapa mbele yangu, si kwa metroni."

Alhamisi asubuhi makufuli tisa yalikuwa sakafuni.

Hakupiga kelele. Mzee Kokoto, aliyekuwa ameshajiandaa kwa kelele, alichungulia mlangoni, akaona kimya kile, akaona heri aende uani kwa mashine yake. Fundi Meno alikaa chini kwenye mkeka, akavuta kilichokuwa karibu, akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia alichoondoka nacho karakanani.

Akakitazama tena. Kile kitone cha gundi kilikuwa kizima, kimekauka kama mfupa, kimekishika kijibati kwa nguvu zote. Upande wake uliokuwa umegusa jiwe ulikuwa laini, unateleza, kana kwamba gundi ilimwagwa juu ya kioo. Na kwenye jiwe hapakubaki kitu. Hata alama.

Akaokota cha pili, cha tatu, hadi cha tisa. Vyote vile vile.

Basi mikono haikuwa na kosa. Mikono mibaya hukosea ovyo ovyo: hapa gundi nyingi, hapa kidogo, hapa imepinda. Hivi vyote tisa vilikosea kwa namna moja. Karakanani jambo hili lilikuwa na maana moja tu, na hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza aliijua: kuna mafuta. Nta iliyobaki, jasho la kidole, chochote chenye utelezi, na jino halishiki hata ulisomee dua.

Lakini mafuta yametoka wapi, na mawe kayapangusa mwenyewe mara mbili? Alilisogeza jiwe puani.

Waridi.

Harufu hiyo aliijua. Alilala nayo. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele ya mumewe, ambayo Mzee Kokoto alijipaka kila asubuhi kwenye kipara kisichokuwa na unywele tangu miaka tisa iliyopita.

Alitoka uani na jiwe mkononi.

"Mzee, njoo unuse."

Mzee Kokoto aliinuka kutoka kwenye pipa lake, akajifuta mikono kwenye suruali. "Naona jiwe. Hilo ni la ile barabara ya daraja, mwaka ule wa mafuriko..."

"Sikukwambia uone. Nimesema unuse."

Akanusa. Halafu ghafla akaikumbuka mashine, akaiinamia, akaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

"Linanukia vizuri," alisema.

"Umeyapaka."

"Kidogo tu."

"Lini?"

"Ukienda kunywa chai."

Fundi Meno akahesabu chai zote alizokunywa kwa miezi mitano. "Kila mara?"

"Yanang'aa, mama," alisema Mzee Kokoto, na sasa aliacha skrubu. "Nayasugua viganjani, hivi, yanang'aa kama yametoka mtoni. Watu wanayapenda kwa sababu yanang'aa."

"Si umesema mashine ndiyo inayoyang'arisha?"

Mzee Kokoto akakuna kipara. Ukweli ulitoka vipande vipande, kama jino bovu. Kuna unga wa kusagia wa aina nne: mnene, wa kati, laini, na wa kung'arisha. Ule laini, wa tatu, unataka siku nane, na ndani ya siku nane hizo, alisema, hakuna tofauti yoyote ambayo jicho la mtu linaweza kuiona. Basi akauruka. Alipofika wa nne mawe yakatoka yamefubaa kama sabuni iliyotumika. Alikuwa ameshamtangazia kila mtu mtaani habari ya mashine yake. Akaona aibu.

"Kwa hiyo umenidanganya miezi mitano."

"Sikukudanganya. Niliyapaka."

"Akili ni nywele," alisema Fundi Meno, "na zako zimekwisha!"

"Mke wangu, sikujua kama mafuta na gundi haviivi chungu kimoja! Ningejuaje? Mimi ni mtu wa barabara. Lami yenyewe ni mafuta, na inashika!"

Hilo la lami lilikuwa kweli, na likamkera Fundi Meno zaidi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mashine ikaendelea, ngurungundu, ngurungundu.

"Zima," alisema.

Mzee Kokoto akazima. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule. Kimya kikaingia uani kama mgeni asiyejua akae wapi.

"Uliniona nikitunga uzi asubuhi?" mkewe aliuliza.

"Nilikuona."

"Ukadhani nashona nini?"

"Sikudhani," alisema polepole. "Niliona huna nguo mkononi."

"Nilikuwa najipima, Mzee. Nilidhani mikono imekufa. Miezi mitano nalala nikijiambia yule msimamizi aliona sawa. Na wewe uko pembeni yangu, unanukia waridi."

Mzee Kokoto akatazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa bado na mng'ao wa asubuhi. Hakutafuta la kusema kuhusu joto wala unyevu. Alikwenda jikoni, akarudi na beseni, sabuni ya vyombo, birika la maji ya moto na mswaki wa zamani, akakaa chini.

"Niambie namna ya kuyaosha," alisema.

Alimwambia. Na kwa vile hasira ilikuwa bado mbichi, alimsimamia kama alivyokuwa akiwasimamia wanafunzi. Kila jiwe lililotoka kwenye beseni alilikausha, akalidondoshea tone la maji mgongoni. Tone likisambaa, jiwe ni safi. Tone likijikusanya na kusimama kama ushanga, mafuta bado yapo.

"Rudia."

"Hili nimelisugua mara tatu!"

"Limesimama. Rudia."

"Hili unajua nimelitoa wapi? Hili ni la ile kona ambapo..."

"Mzee, sugua."

Waling'oa hata vile kumi na viwili vilivyokuwa havijaanguka; vitatu vilitoka kwa kuguswa kidole tu. Ilipofika alasiri mawe yote ishirini na moja yalikuwa safi, na yote yalikuwa yamefubaa kweli kweli. Rangi zilikuwepo, za udongo, za ini, za majani makavu, lakini ule mng'ao wa kioo ulikuwa umekwenda na maji ya beseni. Fundi Meno akakwaruza upya, akapangusa upya. Chai akaletewa pale pale mezani, na mletaji akaambiwa aiweke na akae mahali ambapo mikono yake inaonekana.

Ijumaa, gundi ikiendelea kukauka, kulikuwa na deni la maneno la kulipa. Walikwenda wote wawili kwa muuza gundi. Fundi Meno aliomba radhi kwa sauti ya chini, akieleza kwamba kosa halikuwa la gundi.

Muuza gundi alisikiliza hadi mwisho. "Mama, ulinisema kwa sauti ya juu mbele ya watu wanne," alisema. "Samahani yako mbona inanong'ona? Leo wako sita."

Mzee Kokoto akasogea mbele kabla mkewe hajavuta pumzi. "Gundi ya bwana huyu ni nzuri!" alitangaza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. "Mimi ndiye niliyeyapaka mawe mafuta ya nywele!"

Watu sita waligeuka, wakatazama mdomo uliosema, kisha, wote kwa pamoja, wakatazama kipara. Muuza gundi alivua miwani, akashindwa kuivaa tena kwa kucheka.

Jumamosi asubuhi makufuli yote ishirini na moja, yaliyofungwa tena Ijumaa usiku, yalikuwa bado yananing'inia. Fundi Meno aliyavuta moja moja. Halafu akayavuta tena, kwa nguvu zaidi, hadi kamba ya nguo ikalia.

Wifi alipokuja kuvichukua, uso ulimshuka. "Mbona vimefifia hivi? Nilivyoviona mimi vilikuwa kama vioo!"

"Vile viling'aa kwa mafuta ya kipara cha kaka yako."

Wifi alimgeukia kaka yake. Kaka yake alikuwa akitazama dari.

"Na mimi nilikuwa nacho kimoja," alisema wifi taratibu. "Nilikuwa nakibusu."

Kwenye hafla, katika ukumbi mdogo nyuma ya wodi, Metroni ndiye aliyeanza kupewa kidani chake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, aliyezalisha nusu ya mji na asiyeamini kifaa chochote kabla ya kukijaribu. Alikigeuza, akakitazama mgongo, akalishika jiwe kwa mkono mmoja na pete kwa mkono mwingine, akavuta kama mtu anayepima kamba ya ndoo. Wauguzi ishirini wakashika pumzi. Wifi akafumba macho.

"Kimeshika," alisema Metroni, akakivaa. "Hakina makeke. Kinanifaa. Jiwe limetoka wapi?"

Swali hilo halikufaa kuulizwa mbele ya Mzee Kokoto. Alisimama, akalitambua jiwe kutoka upande wa pili wa chumba, na akaanza: barabara gani, mwaka gani, nani alikuwa msimamizi, mvua ilinyesha siku ngapi, gari liliteleza wapi. Fundi Meno alijaribu kumvuta shati mara mbili. Mara ya tatu akaacha, kwa sababu Metroni alikuwa amekaa chini kabisa kumsikiliza, na wauguzi nao walikuwa wameanza kupanga foleni, kila mmoja ameshika kidani chake, akitaka kuambiwa na yeye amevaa barabara ipi.

Wiki mbili baadaye mtoto wa mgonjwa alikikamata kidani cha muuguzi mmoja na kuning'inia nacho kwa uzito wake wote. Mkufu ulikatika vipande viwili. Jiwe lilibaki na kishikio chake. Fundi Meno alisimuliwa habari hiyo na watu watatu tofauti, naye akamwacha kila mmoja wao asimulie yote upya, kana kwamba hajaisikia.

Sindano ilirudi kwenye kibweta chake. Wifi alikwisha waahidi watu wa maabara, wa jikoni na wa mapokezi, bila kuuliza kama kawaida yake. Na nyuma ya dirisha la jikoni pipa lilikuwa likizunguka, ndani yake mawe mapya na unga wa tatu, ule laini, kwa mara ya kwanza tangu mashine iundwe.

Siku ya tatu Mzee Kokoto alilifungua, akatoa jiwe moja, akalisuuza, akaliinua kwenye mwanga.

"Mama," aliita, "njoo uone. Nadhani hili limeiva. Hakuna tofauti tena itakayo..."

"Rudisha," ilijibu sauti kutoka jikoni. "Bado siku tano."